Kipande cha Akiba na Kilo ya Sukari

Mkisikia nilikata nyama kwa miaka zaidi ya thelathini, msidhani nilikuwa na bucha. Nilikuwa maabara, chumba cha mwisho kwenye korido ya hospitali moja hapa mjini, mwendo mfupi tu kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupokea vipande vya miili ya watu waliopasuliwa, kuvitoa maji, kuvigandisha kwenye nta na kuvikata vyembamba mpaka mwanga upite, ili daktari avitazame kwenye hadubini na kusema ugonjwa ni upi. Wajukuu zangu wananiambia, "Bibi, kazi yako ilikuwa inatisha." Inatisha nini? Kilichokuwa kinatisha enzi zile ni foleni ya sukari.

Juzi mmoja wenu, kijana anayeanza kazi hii, alikuja kunisalimia. Shikamoo, marahaba, akakaa, kisha bila hata kuzunguka akaniuliza, "Bibi Elieshi, kosa gani kubwa kuliko yote ulilofanya kazini?" Nilikasirika kidogo, nisiseme uongo. Lakini baada ya kuondoka kwake niliona ameuliza la maana. Watu wazima tunapenda kuwasimulia mazuri yetu tu, mkaja mkadhani tulizaliwa tunajua.

Basi sikilizeni.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Kapinga, mtu wa Mbinga, mfupi, mpole, ana kikohozi chake kidogo cha kukutahadharisha kwamba anakuja. Hakuwa na shahada. Alianza kwa kufagia maabara hiyo hiyo wakati wa mkoloni, akawa anaangalia, akauliza, akaelekezwa, mpaka akawa fundi ambaye madaktari waliorudi kutoka Ulaya walikuwa wanamwamkia. Mimi nimetoka Upareni na cheti changu kipya, nywele nimesuka, najiona nimefika. Siku ya kwanza akanipa kipande cha ini nikate. Nikakata. Akakitazama, akakohoa, akasema, "Vizuri, binti. Sasa tupa, tuanze."

Alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinichekesha. Kopo lolote likija na kipande cha mgonjwa, hakitumii chote. Hata kikiwa kidogo kama punje ya haragwe, atakimega, nusu aifanyie kazi, nusu airudishe kwenye fomalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze, abandike karatasi yenye jina na namba, aweke kabati la chini. Alikiita kipande cha akiba. Na mjue wakati ule vyupa vilikuwa shida. Tulitumia vyupa vya jemu, vya kahawa, vya siagi ya karanga, tulivyoomba kwa jamaa na majirani. Kabati likajaa. Mimi ndiye niliyekuwa naosha vyupa, kwa hiyo nilinung'unika sana. "Mzee, hivi vipande vya akiba unavihifadhia Krismasi?" Anakohoa, anatabasamu, anaendelea na kazi yake.

Sheria yake ya pili ilihusu mafuta. Nyama ya kawaida, ini, figo, tezi, unaweza kuipitisha kwenye spiriti hatua kwa hatua, dhaifu mpaka kali, ikamaliza safari yake ndani ya muda wa kawaida. Mafuta hayataki. Mafuta yanakataa maji yasitoke, yanakataa nta isiingie. Lazima uyakate membamba zaidi, uyaache kwenye spiriti muda mrefu maradufu, uibadilishe spiriti, uyasubiri. Ukiyaharakisha, kwa nje yanaonekana yameiva. Ukifika kwenye mashine ya kukatia ndipo unaumbuka. Alinieleza haya zaidi ya mara kumi, nami nikaitikia zaidi ya mara kumi.

Sasa, Alhamisi moja, kwenye vyupa vilivyokuwa vimelala chumba cha upasuaji tangu wiki iliyopita kulikuwa na kimoja chenye kipande cha mafuta ya tumboni. Si mafuta ya kitambi, hapana. Ni yale yaliyo kwenye utando unaoshikilia utumbo. Kwa kawaida ni manjano, laini, yanateleza. Haya yalikuwa yamekakamaa, yana mistari myeupe, ukiyaminya yanagoma. Karatasi ya daktari mpasuaji ilisema mgonjwa ni mwanamume, muuza nyama wa Ilala, ameumwa tumbo miezi mingi, amekonda, ana homa za kuja na kuondoka, na tumboni pana uvimbe unaoshikika kwa mkono. Walipompasua walikuta utando umekakamaa na utumbo umejikunja, wakachukua kipande, wakafunga. Mwishoni ameandika kwamba yeye anaona ni saratani iliyokwisha kutawanyika.

Mzee Kapinga alimega kipande chake cha akiba, akanikabidhi kilichobaki. "Binti, haya ni mafuta. Mpaka kesho kutwa." Akaenda zake kwenye kikao cha tawi la chama, maana alikuwa mjumbe.

Hapo ndipo shetani alipopita. Saa saba mchana dada mmoja wa mapokezi alichungulia mlangoni, macho yamemtoka: "Elieshi! Sukari imeshuka duka la ushirika Ilala! Nimeshakuwekea jiwe!"

Ninyi hamjui. Enzi zile foleni uliweza kuipangia hata kama hupo. Unaweka jiwe, kikapu, kopo bovu, na watu wanaliheshimu jiwe lako kama wewe mwenyewe. Lakini foleni ikianza kutembea, jiwe halina miguu. Ukichelewa, umekwisha. Nyumbani kwangu tulikuwa tumekunywa chai ya chumvi wiki ya tatu. Nikatazama vile vipande. Nikajiambia, mafuta gani haya, mbona yanaonekana yamekauka vizuri tu? Nikayarusha hatua mbili, nikayatia kwenye nta pamoja na vipande vingine, nikavua koti, nikakata mbuga.

Jiwe langu nililikuta. Mbele yangu alisimama mama mmoja mwembamba, kajitanda khanga, mkononi kikapu cha ukili. Foleni haina siri, tukaanza kuongea. Anaitwa Mama Zuhura. Watu wa mbele walikuwa wakimsihi asogee, apite, na yeye anasita.

"Pita tu, mama," mzee mmoja akamwambia. "Sisi tunataka ya chai. Wewe yako ina haja."

Nikauliza haja gani, kwa umbea wangu. Mama Zuhura akanigeukia. Hakulia, nadhani alishamaliza.

"Mume wangu, mwanangu. Muuza nyama hapo sokoni. Wamempasua wiki iliyopita, wamekuta mafuta ya tumboni yameharibika. Wamesema ni saratani, hakuna la kufanya. Jumatatu alfajiri tunapanda basi la kusini, nampeleka Masasi kwa mama yake. Mvua zimeanza, kivuko cha Rufiji kikifungwa hatupiti tena." Akakihamishia kikapu mkono wa pili. "Huko kijijini sukari haipo kabisa. Sitaki watu waje matangani wanywe chai ya chumvi."

Jamani. Mafuta ya tumboni, muuza nyama, Ilala. Mjini hapa wangekuwa wawili? Kipande cha mume wake nilikuwa nimekiacha kwenye nta kabla ya wakati wake, ili nije kununua sukari nyuma ya mke wake anayenunua sukari ya msiba. Nilitamani niseme. Sikusema. Nilipimiwa kilo yangu moja nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa asubuhi niliwahi kuliko wote. Nikafunga kile kipande kwenye mashine, nikazungusha mkono. Kilichotakiwa kutoka ni utepe mwembamba. Kilichotoka ni makombo na matundu. Nikajaribu tena. Kipande kikang'oka chote kwenye nta, kikabaki kishimo. Hakuna hata unyuzi wa kuweka kwenye kioo cha hadubini.

Nawaambia ukweli wangu wote, maana ndiyo maana nimekaa hapa. Wazo la kwanza halikuwa la mgonjwa. Lilikuwa langu. Nilikuwa bado kwenye majaribio, sijathibitishwa kazini. Nikawaza: nikipeleka kioo kibovu, daktari wa hadubini ataandika hakisomeki, yule mpasuaji atashika neno lake la saratani, mgonjwa atapanda basi, na hakuna atakayejua. Vipande kuharibika ni kawaida. Nani ataniuliza?

Kikohozi mlangoni.

Mzee Kapinga alisimama, akatazama makombo mezani, akanitazama mimi. Sijui ni kitu gani kwenye uso ule. Nilibubujika yote, la sukari, la jiwe, la Mama Zuhura, la basi la Jumatatu. Nilimaliza nikisubiri anifukuze. Aliinama kwenye kabati la chini, magoti yakamlia, akapekua vyupa vyangu vya kunung'unikia, akatoa kimoja cha kahawa. Ndani yake, kwenye fomalini safi, kilikuwa kipande cha akiba.

Nikataka kumshika mkono. Akaurudisha nyuma.

"Kwanza nenda kwa Daktari Shirima. Mwambie umeharibu, na kwa nini."

"Mzee, si tukitengeneze kwanza kimya kimya?"

"Daktari anatusubiri sisi, mpasuaji ameshamwambia mgonjwa atakufa. Hawa wote wanatembea na neno ambalo hakuna aliyelihakikisha. Ukinyamaza leo, na sisi tutakuwa tumelisema."

Daktari Shirima ndiye aliyekuwa akisoma vioo vyetu, Mchaga mrefu, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema, "Daktari, kipande cha yule muuza nyama nimekiharibu. Niliharakisha mafuta kwa sababu nilikwenda kupanga foleni ya sukari." Alivua miwani. Weee! Nilipewa maneno siku ile mpaka nikajua idadi ya vigae vya sakafuni. Alipochoka akauliza, "Akiba ipo?" Nikasema ipo. "Lini?" Nikasema mafuta yakipewa haki yao, Jumapili jioni. Basi linaondoka Jumatatu alfajiri. Akavaa miwani. "Nenda kawaambie wasubiri."

Nilikwenda Ilala mchana ule ule, nikaulizia nyumba yao pale sokoni. Mama Zuhura alinitambua, akashangaa kuniona na koti la hospitali. Nikamwambia majibu hayajatoka, wakae kidogo. Mume wake, Bwana Kassimu, alikuwa amelala barazani kwenye mkeka, mbavu unazihesabu, mikono yake mikubwa ya kushika panga imelegea. Alinijibu mwenyewe.

"Binti yangu, mpasuaji kaniambia kwa mdomo wake. Nisubiri nini? Mvua ikifunga njia nitazikwa ugenini, mama yangu asinione. Mkiwa na jibu kabla ya basi, leteni. La sivyo mniombee."

Ningekuwa na ujasiri ningemwambia hapo kwamba jibu lilikuwa litoke kesho yake, nami ndiye niliyelichelewesha. Nilisema "sawa, baba," nikarudi.

Siku mbili zile nilijifunza kazi kuliko mwaka mzima. Mzee Kapinga alikata akiba ile slesi nyembamba kama kucha, akaziweka kwenye spiriti. Spiriti ilikuwa haba, tulikuwa tunaichuja na kuirudia. Yeye akafungua sanduku lake akatoa chupa moja safi aliyokuwa ameificha, akaimimina yote. Jumamosi tumekaa, tunabadilisha, tunasubiri. Nikawa nainuka kila mara kuchungulia. "Kaa, binti. Ukiyakodolea macho hayaivi." Akanisimulia jinsi alivyowahi kumwagia fomalini viatu vya bwana mkubwa wa kizungu, na bwana akatembea navyo wiki nzima akiuliza harufu inatoka wapi. Nilicheka huku roho iko Ilala.

Jumapili mchana kipande kilikuwa kwenye nta, lakini mafuta lazima yakatwe yakiwa baridi kabisa, na jokofu letu lilikuwa limekufa tangu mwaka uliopita. Mzee akanipa chupa yake ya chai. "Mnazi Mmoja. Yule anayeuza maji baridi." Nilikwenda mbio. Uwanjani palikuwa na mkusanyiko, watu wamejaa, ngoma zinapigwa, muuza maji kazungukwa. Nikamwambia sitaki maji, nataka barafu. Akakataa, barafu ndiyo biashara yake. Nikamwambia ni ya mgonjwa. Akauliza, "Ataila?" Nikasema, "Hapana, tunamkata nayo." Akanitazama kwa hofu, akanijazia chupa, akanisukuma niondoke.

Mzee Kapinga aliilaza ile nta juu ya barafu. Kisha akakaa kwenye mashine, akashusha pumzi, akazungusha mkono polepole. Ukatoka utepe. Mzima, laini, hauna tundu. Nimeona mikono mingi baada ya ile, na mashine za kila aina, ila mkono uliotulia namna hiyo sijauona tena. Nilimpenda mzee yule siku ile kama baba yangu.

Daktari Shirima alikuja na suti yake ya kanisani. Alitazama kioo cha kwanza muda mrefu, akataka kingine kilichopakwa rangi ya kutafutia kifua kikuu, akatafuta, akatafuta. Hakikuwepo. Hatimaye akasogea pembeni. "Njoo uone ulichotaka kukitupa."

Nilitazama. Niliona mafuta yaliyopasuka, na chembe za ulinzi wa mwili zilizokuja kuyala mpaka zikavimba povu ndani, na makovu yamejisokota kila upande. Saratani haikuwepo popote. Daktari akasema ni ugonjwa nadra, yeye mwenyewe ameuona mara moja tu alipokuwa masomoni. Mafuta ya utumbo yanawaka yenyewe, hakuna anayejua sawasawa kwa nini, yanakakamaa, yanavuta utumbo, na ukiyaona kwa macho tu utaapa ni saratani. Yapo yanayotulia yenyewe. Haya yalihitaji dawa, vidonge vya kutuliza mwako, vinavyoanza kwa wingi na kupunguzwa taratibu. "Lakini ukimpa mtu mwenye kifua kikuu vidonge hivi, unaweza kumuua," akasema. "Ndiyo maana nimekawia." Akaandika barua kwa mpasuaji, na nyingine akanipa mkononi.

Nilifika Ilala wakati wa adhana ya magharibi. Mizigo ilikuwa imefungwa, masanduku mawili na kikapu cha ukili, na shingo ya mfuko wa sukari inachungulia. Mama Zuhura aliponiona alishika mlango.

"Si saratani," nikasema. Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima, yakatoka hayo tu.

Akakaa chini palepale kizingitini. Bwana Kassimu akajiinua kwenye mkeka kwa kiwiko.

"Ni nini basi?"

"Mafuta yanayoshika utumbo, baba. Yamewaka, yakakakamaa. Kuna dawa."

"Mafuta ya utumbo? Yale ninayoyatoa kwa ng'ombe kila siku?"

"Hayo hayo."

"Na yenyewe yanaumwa?" Akatazama dari, akacheka mpaka akashika mshono. "Miaka ishirini nayarusha kwenye ndoo. Kumbe yananiwekea kisasi!"

Hawakupanda basi. Jumatatu alirudishwa wodini akaanza vidonge. Wiki za kwanza homa ikakata, hamu ya kula ikarudi. Uso ukamvimba ukawa duara, kwa sababu ya dawa, na wenzake sokoni wakamwambia amehonga madaktari wamnenepeshe. Mama yake akasafirishwa kutoka Masasi mara njia ilipofunguka. Daktari alimsisitiza asije akaacha vidonge ghafla kwa kuona kapona, na Mama Zuhura alimsimamia kama askari.

Ilipita miezi mitatu, Bwana Kassimu akaja maabara kwa miguu yake. Alitaka kuona alivyokatwa. Mzee Kapinga akampa kioo, naye akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza kwa jicho la kazi yake. "Nani kakata hii?" Nikamwonyesha Mzee. Akampa mkono. "Fundi." Halafu akatukaribisha chai kwake, sisi wote wawili, na Mzee akanitazama, nikajua nina kazi ya kumaliza.

Nilisemea barazani kwao, kwenye mkeka ule ule. Kwamba kipande cha kwanza nilikiharibu mimi. Kwamba kama si akiba ya Mzee huyu, wangepanda basi. Kwamba siku ile kwenye foleni nilikuwa nyuma ya Mama Zuhura, na niliposikia nilinyamaza.

Bwana Kassimu alikunja uso, ule uso wake wa duara, akanikazia macho mpaka nikatamani anipige. Mama Zuhura akainuka akaingia ndani. Nikajua nimefukuzwa.

Alirudi na birika, vikombe, na mfuko wa sukari wa karatasi, umefungwa kwa uzi vile vile, haujafunguliwa.

"Hee!" mumewe akaruka. "Miezi mitatu nakunywa chai kwa tende, unaniambia hakuna sukari nyumba hii?"

"Ilikuwa ya matanga yako, Baba Zuhura," akasema huku anafungua uzi kwa meno. "Nilikuwa siwezi kuigusa."

Alinitilia mimi kwanza, vijiko vitatu, akanisogezea kikombe. Kisha akamtilia mumewe. Bwana Kassimu akaonja, akafumba macho, akausukuma mkono wa mkewe urudi kwenye mfuko.

"Ongeza," akasema. "Waliokuwa wainywe hawaji tena."